Binti wa miaka 15 aliyerithi cheo cha miaka 500: Diana Hay, Kauntesi wa Erroll

#1 Binti Kanyigo (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Januari huibuka mjadala wa lile gari la Buick lililokutwa usiku wa manane njia panda ya Karen na Ngong, nje ya Nairobi, mwenyewe akiwa amekufa ndani. Tunarudia yaleyale: nani alimpiga risasi Josslyn Hay, Erli wa Erroll (erli ni lodi wa cheo cha juu), mume mwenye wivu au watu wa ujasusi? Nimesoma nyuzi hizo kwa miaka, na sijaona hata mmoja anayeuliza jambo ambalo kwetu msibani ndilo la kwanza: marehemu kaacha watoto?

Aliacha. Mtoto mmoja tu, wa kike. Alikuwa Uingereza, maelfu ya kilomita kutoka ile njia panda, ana miaka 15 na siku 19. Dakika ile baba yake alipokata roho, Januari 24, 1941, binti huyo akawa Kauntesi (yaani erli wa kike) wa Erroll wa 23, Konstebo Mkuu wa Uskoti, na mkuu wa ukoo mzima wa Hay. Kwa heshima za Uskoti hapo unazungumzia mtu anayefuata mara tu baada ya familia ya kifalme.

Leo naomba tumwache baba kidogo, tumzungumze binti.

Anaitwa Diana Denyse Hay. Alizaliwa Kenya Januari 5, 1926. Baba yake ni Josslyn Hay, mama yake Idina Sackville, binti wa Erli De La Warr. Hawa wawili walioana 1923, mwaka uliofuata wakahamia Kenya, wakajenga chini ya milima ya Nyandarua, ambayo walowezi waliiita Aberdare. Eneo la Wanjohi na jirani zake ndilo walilolipa jina la Happy Valley, bonde la raha. Raha ya nani, kwenye ardhi ya nani, wenyeji wa Nyandarua mnajua zaidi yangu.

Nyumba yao waliiita Slains. Hilo jina msilipite haraka. Slains ni kasri la ukoo wa Hay huko Aberdeenshire, juu ya majabali ya Bahari ya Kaskazini karibu na Cruden Bay. Lilikuwa lao kwa karne nyingi, lakini mwaka 1916 erli wa 20 aliliuza. Mwaka 1925 likaezuliwa paa, na mpaka leo ni magofu ya kuta tupu, upepo unapita madirishani. Kwa hiyo kasri linaezuliwa Uskoti, na wakati huohuo kijana wa ukoo kalibandika jina lake kwenye nyumba ya mlowezi huko Kenya. Miezi michache baadaye anazaliwa Diana.

Ndoa ya wazazi haikudumu. Josslyn alirithi uerli mwaka 1928, baada ya baba yake, Victor, kufariki akiwa na miezi michache tu kwenye cheo. Mwaka 1930 wazazi wakaachana, na mtoto akalelewa Uingereza na ndugu. Idina aliolewa mara 5 kwa jumla, na magazeti ya wakati ule hayakumwonea huruma. Mimi namtazama kwa jicho jingine: kabla ya Diana alikuwa na wavulana wawili kwa mume wa kwanza, na wote wawili walikufa katika Vita vya Pili vya Dunia, mmoja 1943, mwingine 1944. Katika watoto 3 akabakiwa na Diana peke yake. Idina mwenyewe alifariki 1955 huko pwani ya Kenya.

Naendelea chini. Naomba msinikatishe, nina mengi.

#2 Binti Kanyigo

Turudi kwenye mirathi, maana humo ndimo nilimokwama wiki mbili nzima nikisoma.

Josslyn alikuwa na vyeo zaidi ya kimoja. Alikuwa Erli wa Erroll, cheo cha Uskoti cha tangu katikati ya karne ya 15. Pia alikuwa Baroni Kilmarnock, cheo kipya kuliko hicho, kilichoanzishwa 1831 kwa hati inayosema warithi ni wanaume tu. Risasi moja ikagawa vyeo hivyo pande mbili. Uerli ukaenda kwa Diana, kwa kuwa vyeo vingi vya kale vya Uskoti vinamruhusu binti kurithi pasipo na mtoto wa kiume. Ubaroni ukamruka, ukaenda kwa baba yake mdogo, Gilbert, ambaye akaacha jina la Hay na kujiita Boyd.

Yaani maiti ni moja, msiba ni mmoja, mtoto ni yuleyule. Karatasi moja inasema "wewe ndiye mrithi," nyingine inasema "wewe hutufai." Kilichobadilika ni nani aliandika karatasi hiyo na lini. Na ile ya kale zaidi ndiyo iliyomkubali mtoto wa kike! Sisi tumezoea kuambiwa kwamba kadiri unavyorudi nyuma ndivyo mwanamke alivyobanwa zaidi. Hapa ni kinyume chake.

Lakini nisiwapake Waskoti mafuta kupita kiasi. Kama Josslyn angepata mtoto wa kiume hata mwezi mmoja kabla ya kufa, Diana asingepata kitu. Binti anarithi kwa sababu kaka hayupo. Walau, pale kaka anapokosekana, hawaendi kumtafuta baba mdogo.

#3 Mkaguzi wa Zamani

Mkuu, nakushukuru ila kuna jambo unachanganya. Huyu Diana si ndiye aliyekuwa na uhusiano na Erroll, yule mke wa Sir Jock Delves Broughton? Baadaye akaolewa na Delamere. Sasa iweje awe binti yake?

#4 Binti Kanyigo

Hapana kaka, hao ni wawili tofauti, na umefanya vizuri kuuliza kwa sababu wengi wanawachanganya. Yule wa kwenye kesi alizaliwa Diana Caldwell, akaolewa na Broughton, kisha na Gilbert Colvile, mwishowe na Lodi Delamere, na alifariki 1987. Mumewe Broughton ndiye aliyeshtakiwa kwa mauaji, akaachiwa Julai 1941, akafa mwaka uliofuata huko Liverpool kwa kujidunga mofini.

Ila umegusa penyewe. Diana mwanamke wa mkasa anajulikana na kila mtu. Diana mtoto wa marehemu amefunikwa na jina lake. Hata ukimtafuta mtandaoni, anayekuja kwanza ni yule mwingine.

Na kuna watu wengine waliofunikwa. Mwili wa Erroll ulikutwa kama saa 9 usiku na Waafrika wawili waliokuwa wanapeleka maziwa mjini. Hao ndio waliosimamisha gari lao gizani wakaenda kutazama. Mawakili wanatajwa, marafiki wa kunywa nao wanatajwa, mpaka namba ya bunduki inajadiliwa. Majina ya hao wawili, katika masimulizi mengi, hayamo.

#5 Nyandarua Juu

Mimi ni mzaliwa wa Wanjohi. Babu yangu aliwafanyia kazi walowezi, si hao wa Slains, wengine. Swali langu ni rahisi: huyo binti alirithi shamba lolote Kenya? Na "Konstebo Mkuu" ni nini, polisi?

#6 Binti Kanyigo

Ndugu yangu wa Wanjohi, karibu sana, wewe ndiye nilikuwa namsubiri.

Nianze na konstebo. Si yule wa kofia na kirungu. Zamani konstebo alikuwa mkuu wa majeshi ya mfalme na mlinzi wa amani popote mfalme alipo. Robert Bruce, mfalme wa Uskoti, alimpa Gilbert Hay kazi hiyo mwaka 1314, mwaka wa vita vya Bannockburn dhidi ya Waingereza, na akaifanya ya kurithi, kizazi hadi kizazi. Mamlaka yake yalipimwa kwa maili: ghasia yoyote, umwagaji damu wowote ndani ya maili 4 za mahali alipo mfalme, mhukumu ni Konstebo Mkuu. Alikuwa na walinzi wake mwenyewe. Mpaka leo Erli wa Erroll anaruhusiwa kuwa na mpiga mbiu wake binafsi anayeshughulikia mambo ya nembo, naye anaitwa kwa jina la kasri lilelile, Slains. Nguvu halisi imekwisha siku nyingi, imebaki heshima.

Sasa piga picha. Cheo hicho cha kivita, cha upanga, mwaka 1941 dunia ikiwa vitani, kinamwangukia mwanafunzi wa miaka 15.

Kuhusu mali, hapo ndipo pananigusa. Slains ya Uskoti ilishauzwa miaka 10 kabla hajazaliwa. Huko Kenya, nyumba kubwa ya Oserian kando ya Ziwa Naivasha ilikuja na mke wa pili wa baba yake, Mary, ambaye naye alifariki 1939. Baba mtu alikuwa anajulikana kwa matumizi na kamari, si kwa akiba. Alichorithi Diana, kwa sehemu kubwa, ni majina. Ukoo ulikuwa unamtazama yeye, kasri halina paa.

Na babu yako, na wengine wa Nyandarua, wao walikuwa na kinyume chake. Ardhi walikuwa wanaijua kwa nyayo zao, wakanyimwa karatasi. Sitaki kuyaweka mambo haya mawili kwenye mizani moja, si sawa na hayatakuwa sawa. Nasema tu kwamba ukisimulia maisha ya Diana bila kusema Slains ya pili ilijengwa juu ya ardhi ya nani, umesimulia nusu.

#7 Mama Wawili

Dada, endelea. Alikuwa wa kwanza mwanamke kurithi hicho cheo?

#8 Binti Kanyigo

Hapana shoga, na hii nilitaka sana kuisema. Kuna Mary Hay, Kauntesi wa 14. Kaka yake, erli wa 13, alifariki 1717 bila mtoto, Mary akarithi. Mumewe ndiye aliyebadili jina akaitwa Hay. Mwaka 1745, mwanamfalme Charles Stuart alipokuja kudai kiti cha babu zake, Mary alikuwa upande wake na alikusanya watu wa kwenda kumpigania. Walishindwa Culloden, Aprili 1746.

Hakuwa na mtoto. Alipofariki 1758, cheo kikashuka kwa dada yake Margaret, kikapita kwa binti wa Margaret, Anne, ambao wote walikuwa wameshatangulia, kikamfikia mtoto wa Anne, James Boyd. Yaani kimepita kwenye mikono ya wanawake watatu mfululizo kabla ya kumfikia mwanamume. Na baba wa James ndiye Erli wa Kilmarnock, aliyekatwa kichwa Tower Hill, London, Agosti 1746 kwa kumuunga mkono huyohuyo Charles, huku James mwenyewe Culloden akiwa kwenye jeshi la serikali. Baba upande huu, mtoto upande ule, uwanja mmoja. Mali na cheo cha baba vikataifishwa. Kilichomfanya James asimame tena ni urithi wa upande wa mama.

Kwa hiyo Diana anatoka kwenye mstari ambao bila wanawake ungekuwa umekatika karne mbili kabla yake. Ndani ya mstari huohuo, ukishuka zaidi, kuna Elizabeth FitzClarence, binti wa nje ya ndoa wa Mfalme William IV kwa mwigizaji Dorothea Jordan, aliyeolewa na erli wa 18 mwaka 1820.

Niwaonyeshe na nembo yao, maana niliiangalia mpaka nikaikariri. Ngao nyeupe yenye ngao tatu ndogo nyekundu. Huku na huku wamesimama wakulima wawili, kila mmoja ana nira ya ng'ombe begani. Hawana upanga, ni nira ya kulimia. Juu kuna kozi, yule ndege wa kuwinda. Ukoo unasimulia kwamba katika vita vya Luncarty, Waskoti walipokuwa wanakimbia Wadenmarki, mkulima mmoja na wanawe wawili waliacha kulima, wakashika nira zao wakaziba njia na kuwageuza wanajeshi warudi vitani. Mfalme akasema kozi arushwe, na ardhi yote atakayoruka mpaka atue iwe ya mkulima yule. Wanahistoria hawaikubali hadithi hii, lakini wito wa ukoo umebaki maneno mawili ya Kilatini, *serva jugum*: linda nira.

Msichana wa miaka 15 anakabidhiwa maneno hayo. Linda nira. Mimi nililia kidogo niliposoma hapo, na sababu nitaisema.

#9 Binti Kanyigo

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka 19. Tuko wasichana watatu. Siku ya kuanua matanga, kibanja kilikuwa na migomba yake imetunzwa, mimi na dada zangu ndio tuliokuwa tunaiwekea samadi, na mzee mmoja wa ukoo akauliza mbele ya watu wote, "Wa kiume yuko wapi wa kukabidhiwa upinde?" Kimya. Mama akainamisha kichwa. Upinde wakapewa watoto wa baba mkubwa.

Ndio maana nikikutana na habari ya binti aliyeambiwa "ni wako," nasoma mpaka mwisho.

Lakini soma basi na hii. Diana alikuwa kauntesi tangu 1941. Maerli wenzake wanaume walikuwa na njia ya kuingia Baraza la Malodi, lile la juu la Bunge la Uingereza: masetla wa vyeo wa Uingereza waliingia moja kwa moja, wa Uskoti walichagua wenzao 16. Mwanamke aliyerithi cheo hakuwa na njia yoyote. Cheo anacho, heshima anayo, kiti hana. Viscountess Rhondda alijaribu kudai kiti chake kwa kutumia sheria ya 1919 iliyofuta vizuizi dhidi ya wanawake, na mwaka 1922 malodi wakamkatalia. Mwaka 1958 wakaruhusu wanawake wa kuteuliwa kwa maisha yao tu. Wenye vyeo vya kurithi wakaendelea kusubiri nje mpaka Sheria ya Malodi ya 1963. Sheria hiyo inakumbukwa kwa Tony Benn, aliyeitaka ili avue cheo abaki mbunge wa kawaida. Kwa mwanaume mmoja ilikuwa mlango wa kutokea, kwa wanawake wenye vyeo vyao ndiyo iliyofungua mlango wa kuingilia. Diana alikuwa na miaka 37. Miaka 22 na cheo kisicho na kiti.

Mwaka huohuo wa 1963, Tanganyika, Tangazo la Serikali namba 436 liliandika mila zetu za urithi kuwa sheria: mwanamke anaweza kupewa ardhi ya ukoo kuitumia maisha yake, kuiuza hapana, maadamu wapo wanaume wa ukoo. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, aliuza ardhi aliyoachiwa na baba yake kwa wosia, akashtakiwa, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema ana haki ya kuuza kama mwanaume. Sisi wa Bukoba hukumu hiyo tunaijua kwa jina la huyo mama. Ilikuja baba yangu akiwa hai bado, na siku ya matanga hakuna aliyeitaja.

#10 Mkaguzi wa Zamani

Pole sana dada. Nimenyamaza nasoma. "Masetla wa vyeo" hapo juu nadhani umekusudia wenye vyeo, si masetla.

#11 Binti Kanyigo

Asante kaka, kweli, nimekusudia wenye vyeo vya Uingereza. Akili ilikuwa bado Naivasha.

#12 Nyandarua Juu

Na alipokuwa mtu mzima? Aliolewa? Watoto? Alirudi kuona kaburi la baba yake? Najua Erroll kazikwa Kiambu, Kanisa la St Paul.

#13 Binti Kanyigo

Ndiyo, Josslyn yuko Kiambu, na mkewe Mary yuko hapohapo. Nilifika mwaka jana. Kanisa dogo la mawe, miti mirefu, nyasi zilizokatwa vizuri, mlango wa pili wanafunzi wanapita wanapiga kelele. Nilisimama pale nikafikiria kwamba binti aliachiwa vyeo vya baba kabla hajapata hata nafasi ya kumjua baba. Hao wawili waliishi mabara mawili tangu yeye ni mtoto mdogo.

Aliolewa Desemba 1946, akiwa na miaka 20, na Iain Moncreiffe, mtu aliyezama katika mambo ya koo, nasaba na nembo kiasi kwamba ndiyo ilikuwa kazi yake. Hebu fikirieni: mwanaume anayezisoma nasaba usiku na mchana anamuoa mwanamke ambaye yeye mwenyewe ni kitabu cha nasaba. Walipata wana wawili na binti mmoja. Waliachana 1964, na mwaka huohuo Diana akaolewa na Raymond Carnegie, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Alifariki Mei 16, 1978, na miaka 52 tu.

Na hapa pana jambo la majina ambalo Mama Wawili utalipenda. Wana wawili wa ndoa ya kwanza, baba mmoja mama mmoja, hawana jina moja la ukoo. Mkubwa, Merlin, aliyezaliwa 1948, anatumia Hay, jina la mama, kwa sababu yeye ndiye wa kubeba cheo cha mama. Mdogo, Peregrine, anatumia Moncreiffe, jina la baba, na ukoo wa baba ukamfuata yeye. Waligawana wazazi kwa majina, nyumba moja ikawa na wakuu wa koo mbili.

Mama alipofariki, Merlin akawa erli wa 24. Mei 6, 2023, siku Mfalme Charles wa Tatu anavishwa taji pale Westminster Abbey, Konstebo Mkuu wa Uskoti alikuwa kwenye msafara, na alikuwa huyo Merlin. Nilikuwa natazama kwenye simu, ndani ya matatu, barabara ya Ngong, foleni imesimama. Jirani yangu kwenye kiti akachungulia, akauliza yule ni nani. Nikamwambia, ni mtoto wa Diana.